Upande wa Kulia wa Tangi

Saa tatu na robo asubuhi, Jumapili, pikipiki za zamani za Kijapani zipatazo hamsini zilikuwa zikinguruma katika maegesho ya ghala la mbao, kwenye mkutano wa chama cha wapenzi wa pikipiki kuukuu, na moja ilikuwa ikisukumwa. Aliyeisukuma alikuwa mwanamke mrefu, shati lake jeupe limenyooshwa pasi hadi kwenye mikono, na viatu vyake havikufaa kabisa kwa kazi ile. Alikuwa mpimaji wa damu katika maabara ya hospitali. Pikipiki ilikuwa ya marehemu baba yake, ya mwaka sabini na mbili, ya kijani kilichopauka. Haikuwa imewaka tangu mazishi.

"Dada, umeileta au imekuleta?"

Mwanamume aliyeuliza alikuwa amechuchumaa kando ya Yamaha, ovaroli yake imejaa madoa ya rangi.

"Ilinileta miaka mingi," alijibu bila kusimama. "Sasa narudisha fadhila."

Mwanamume akacheka, akaishika nyuma, wakasukuma pamoja. Alikuwa fundi rangi wa chama chao, na wenzake walimwita Msasa. Kabla mkutano haujavunjika alikuwa ameshapata namba yake ya simu, na kabla ya mwezi kwisha akawa anampigia kila mchana, wakati wa chakula. Alimwita Mama Vipimo, kwa sababu mwanamke huyo hakuwa mtu wa kuamini jambo ambalo halijapimwa. Alipomwambia kwamba anampenda, mwanamke alimuuliza tangu lini, na amejuaje.

"Na siti ya nyuma ya pikipiki yako ni ya nani?" Msasa alimchokoza siku moja kwenye simu.

"Ya atakayethibitishwa."

"Majibu yangu yatatoka lini, kipenzi?"

"Sampuli haijatosha."

Chama kilikuwa na desturi yake. Pikipiki iliyofufuliwa iliwashwa saa sita mchana, kwenye mkutano wa mwaka. Injini nyingine zote zilizimwa, mwenyewe akapiga kiki mbele ya watu, na hakuna aliyewasha chombo chake mpaka ile iwake au ishindwe. Mpimaji aliandikisha yake kwa mkutano uliofuata na kumwalika mama yake. Fundi injini wa chama akashughulikia injini. Tangi alilichukua Msasa, akatoe kutu ya ndani. Mpimaji hakumwambia kwamba nje kusiguswe. Kwake hilo halikuwa jambo la kusemwa.

Siku ya mkutano alifika akiwa amevaa koti la ngozi la baba yake, mikono ameikunja mara mbili. Pikipiki ilikuwa tayari kwenye mstari. Tangi lake lilikuwa jekundu, linang'aa, mtu angeweza kujitazama humo na kujipaka wanja.

Alilizunguka mara moja. Akatia mikono mifukoni mwa koti.

"Tangi la baba liko wapi?"

"Lipo," Msasa alisema, akiangalia viatu vyake. "Hili nimeazima kwa rafiki yangu."

"Kwa nini uazime? Lile umelipiga msasa?"

"Ndiyo, ila..."

Hakuisubiri hiyo ila. Alimwambia, kwa sauti ile ile anayotumia kuwapa watu majibu mabaya kazini, kwamba alimpa kazi moja tu, na kwamba aondoke mbele yake. Msasa alichukua helmeti yake, akaivaa. Kisha akaparamia Yamaha yake na kutoka getini bila hata kufunga mkanda wa helmeti.

Mama aliingia saa tano, kitambaa kipya kichwani, mkoba kwapani. Aliitazama pikipiki kwa muda.

"Mwanangu, baba yako hakuwahi kupanda kitu chekundu maishani mwake."

"Najua, mama."

"Huyu kijana wako ndiye aliyefanya hivi?"

"Si wangu tena."

 Mama alivuta kiti cha plastiki akaketi, kama mtu anayejua kwamba habari bado haijaisha.

Simu iliita. Mpimaji akaikata. Ikaita tena, akaikata. Mara ya tatu mama alisema ama apokee ama aizime, maana wimbo wa simu yenyewe ni mbaya.

"Usikate," Msasa alisema, akihema. "Nakuja na tangi. Liangalie kwanza, halafu nifukuze ukishaliona."

"Zimebaki dakika ishirini."

"Nitafika."

Mwenyekiti wa chama, mwalimu mstaafu wa fizikia aliyekuja na Suzuki yake, alimwendea na kumuuliza kwa upole kama aliondoe jina lake kwenye orodha. Mpimaji alijibu asubiri. Saa sita kasoro dakika chache injini zikaanza kuzimwa, moja baada ya nyingine, mpaka ikabaki moja tu, iliyosikika kutoka barabarani. Ilikuwa Yamaha, na nyuma yake kulikuwa na furushi la blanketi lililofungwa kwa kamba.

Msasa aliliweka furushi mezani na kulifungua mwenyewe. Kwanza aligeuza upande wa kulia. Katikati ya kijani palikuwa na sehemu tupu, saizi ya kiganja, iliyosuguliwa mpaka chuma kikaonekana.

"Hapa nimeharibu mimi," alisema. "Watu huniletea vitu ving'ae. Nikataka na hili ling'ae, ushangae. Halafu nikafika juu hapa, nikaacha."

Aliligeuza. Mbele ya kifuniko cha mafuta, rangi ilikuwa imelika mahali pawili, padogo, panafanana. Mpimaji alijua ni nini kabla hajaelezwa. Alipokuwa mtoto alipelekwa shule akiwa ameketi juu ya tangi, mbele ya baba, mikono yake imeshika pale pale, mvua au jua. Aliweka viganja vyake juu. Alama zote mbili zikapotea chini yake.

"Ni mikono yako, siyo?" Msasa aliuliza.

"Ni yangu. Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuwa nakuja kukuambia kila siku, kipenzi. Nikifika mlangoni naona aibu, nageuza."

Mama alisimama, akaja kutazama. Alipitisha kidole kwenye ile sehemu tupu ya kulia, kisha kwenye alama za juu. Alisema hapa kulia paachwe hivi hivi, wala mtu asipapake rangi, ili ajue pa kumkamatia huyu kijana akimkosea tena binti yake.

Watu wakacheka. Mpimaji hakucheka, ila alichukua spana na kulegeza boliti ya tangi jekundu. Msasa alishika upande wa pili. Walibadilisha matangi bila kusemezana, wakaunganisha mpira wa petroli, wakamimina mafuta, wakafungua koki.

Maegesho yote yalikuwa kimya. Mpimaji alipanda, akapiga kiki. Kimya. Akapiga tena, injini ikakohoa, ikafa. Alifuta jasho kwa mkono wa koti la baba yake na kupiga ya tatu, kwa uzito wake wote.

Ikawaka.

Mama aliziba mdomo kwa ncha ya kitambaa chake. Mpimaji aliiacha injini ipate joto, akasikiliza, kisha akasogea mbele kidogo kwenye siti.

"Panda."

"Majibu yametoka?"

"Ya awali. Funga helmeti."

Saa sita na dakika kumi na mbili pikipiki ya kijani ilitoka getini ikiwa na watu wawili.