Glovu Zilizogoma Kurudi

Kwetu Nova Scotia, pwani ya Kanada, msimu wa kuvua kambakoche unafunguliwa baridi ikiwa imeanza kuuma. Wavuvi wanavuta madema, mitego ya kambakoche, kwa kamba zilizolowa maji ya chumvi. Asiye na glovu nzuri anakufa ganzi vidole. Mwenye ganzi hawezi kuiachia kamba kwa haraka, na kamba inaweza kumvuta yeye baharini.

Glovu za Burton, alizofumiwa na marehemu mama yake, zilichanika. Msimu ungefunguliwa Jumatatu. Mkewe Glenda hakuwahi kufuma glovu, ila desturi aliijua. Unazifuma kubwa kupita kiasi, halafu unazichemsha na kuzisugua kwa sabuni mpaka zirudi. Zikishapungua zinakuwa nene, na upepo haupiti.

Akanunua uzi mwekundu, laini, mzuri kutazama. Akafuma. Jumamosi akabandika sufuria kubwa jikoni.

Burton akaingia na njaa yake. Akafunua, akachota kijiko, akaonja.

“Glenda, mchuzi huu mbona una sabuni?”

“Huo si mchuzi. Hiyo ni mikono yako.”

Walichemsha mpaka madirisha yakaingia ukungu. Walisugua kwa zamu. Glovu hazikurudi hata kidogo. Burton akazijaribu. Mikono yake yote miwili iliingia ndani ya moja, na nafasi ikabaki. Akasema hizo zinamfaa dubu, tena aliyeshiba. Glenda hakucheka. Alikuwa anaiwaza Jumatatu.

Ndipo akamwita jirani yao, Bi Hettie, mfuga kondoo. Bi Hettie akauliza uzi ni wa nini. Glenda akasema ni sufu, karatasi yake imeandikwa. Akaileta. Bi Hettie akasoma kwa sauti: “Laini kama sufu.”

“Si unaona? Sufu.”

“Na hilo ‘kama’ ulimwachia nani alisome?”

Bi Hettie akakata kipande cha uzi ule. Akakishika kwa koleo juu ya sinki lenye maji, akakiwashia kiberiti. Uzi ukayeyuka, ukanuka plastiki, ukaacha kidonge cheusi kigumu. Kisha akachomoa uzi wa sweta lake mwenyewe. Huo uliungua polepole, ukanuka kama nywele zilizoungua, ukazimika wenyewe. Majivu yake yalisagika vidoleni.

Akawaeleza. Sufu ni nywele za kondoo, na kila unywele una magamba madogo yasiyoonekana kwa macho. Ukiisugua kwa maji moto na sabuni, magamba yanashikana, nguo inarudi. Kwa hiyo sweta usilotaka lirudi, lifue kwa maji baridi, taratibu. Tena sufu inatunza joto hata ikilowa. Uzi wa Glenda ulitengenezwa kiwandani, kwa mafuta yanayochimbwa ardhini. Hauna magamba.

“Huu utauchemsha mpaka Pasaka,” alisema.

Burton akapandwa na hasira. Akaapa kuwa kuanzia leo kitu cha kiwandani hakikanyagi mashua yake.

“Sawa, baba,” akasema Bi Hettie. “Anza kutupa kamba zako, maana ni za plastiki. Babu yako alitumia za katani, zikimwozea mkononi. Halafu vua hilo koti la mvua. Nitakuazima sweta langu. Likishanywa maji litakuwa zito kama kondoo mzima.”

Burton akalishika koti lake vizuri zaidi.

“Kila kitu na kazi yake,” Bi Hettie akaendelea. “Kisichopitisha maji kikae nje. Kinachotunza joto kikae karibu na ngozi.”

Akaleta uzi wa kondoo wake. Wanawake wawili wakafuma, kila mmoja glovu yake. Jumapili wakachemsha na kusugua, na safari hii zikarudi. Jumatatu jioni Burton alirejea na vidole vyote vina joto. Alilalamika tu kwamba mkono wa mke wake unalegeza uzi kuliko wa Bi Hettie, kwa hiyo glovu ya kulia, aliyoifuma yeye, inapwaya.

Siku hizi Glenda akifika duka la nyuzi, anaomba kipande kidogo kwanza. Muuzaji hambishii tena, anamwonyesha mlango tu. Glenda anatoka nje na koleo lake na kopo la maji, anachoma, ananusa. Wateja wengine wanamfuata, wanapanga foleni kwenye theluji kungoja harufu.