Mashini Iliyoitwa Nguo

Tangu kulipokucha Nabintu hakukaa chini. Alifagia mbele ya nyumba, akafagia tena. Akaosha masufuria yaliyokuwa safi. Akatoka mpaka kwenye barabara ya Sake, akatazama upande wa mjini kana kwamba boti ya Bukavu ingepita pale pale, juu ya mawe ya Mugunga, mtaa wao.

“Mama Chance, kaa basi!” alisema mume wake, Bashige. Chance ni mtoto wao wa kwanza, na mtaani kila mtu humwita Nabintu kwa jina hilo. “Utafagia mpaka mawe yenyewe.”

“Boti imeshafika?”

“Boti haiko ndege. Itafika.”

Haraka ya Nabintu ilikuwa na sababu. Kazi yake ni kufuma triko, yaani yale masweta ya nyuzi ambayo watoto wa Goma huvaa shuleni asubuhi za baridi. Alikuwa na mashini yake ya kufumia. Wakati wa mbio za vita walikimbia nayo mpaka Bukavu. Waliporudi Goma, wakaiacha kwa kaka yake, Akonkwa. Tangu hapo Nabintu alikaa mikono mitupu, na siku hii Akonkwa alikuwa ameituma kwa boti. Sasa Sista Ange, mkuu wa shule moja huko Himbi, alikuwa amemwambia hivi: “Ijumaa uniletee triko moja niione. Nikiipenda, utavalisha shule yangu. Na Chance na wadogo zake watasoma kwangu, hakuna atakayewafukuza.”

Watoto wale walikuwa nyumbani tangu Pasaka kwa kukosa ada. Mama kama huyo atakaa chini namna gani?

Mchana simu ikalia. Boti imefika. Nabintu alipanda pikipiki na kitambaa cha kichwa hakijafungwa vizuri.

Kwenye depo ya mizigo, karibu na port, yaani bandari, watu walisukumana. Mbele yake alikuwa jirani yake Mukamazimpaka, mwanamke wa Rutshuru anayeuza vyombo vya nyumbani. Kwa sababu ya biashara hiyo mtaa wote humwita Mama Sahani. Mama Sahani alikuwa ameinama pale chini, amefungua katoni yake mbele ya watu wote. Alitoa sahani moja moja, akazigonga kwa ukucha na kusikiliza.

Nabintu aliona haya kwa ajili yake. Kwao Nabintu mtu hafungui mzigo mbele ya macho ya watu. Wakiona ulicholetewa, kesho watakuja kukopa, au watakuonea wivu. Mzigo hufunguliwa nyumbani, mlango ukiwa umefungwa.

“Mama, saini hapa,” alisema Aubin, mkubwa wa depo, kwa Kiswahili cha Goma, ambamo watu huwa “batu”. “Fanya mbio, batu ni wengi.”

Nabintu akasaini. Juu ya jina lake paliandikwa “Bien reçu”, yaani nimepokea vizuri. Katoni ilikuwa ndefu, na upande mmoja ulikuwa na unyevu. Aliuona ule unyevu. Akajiambia, ni maji ya ziwa tu.

Alikodi chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao inayobeba kila kitu. Njia nzima alitembea kando yake, mkono juu ya katoni, kama mtu anayesindikiza mgonjwa.

Nyumbani walifunga mlango, wakafungua. Nabintu alitazama ndani. Ule ubao wa chuma unaobeba sindano ulikuwa umepinda katikati. Sindano nyingi zilikuwa zimelala upande. Aliweka kile kichwa cha mashini kinachokwenda na kurudi. Kikafika nusu, kikagoma. Akajaribu tena. Kikagoma.

“Bameiua,” alisema. “Papa Chance, bameiua mashini yangu.” Akakaa chini kwa mara ya kwanza siku ile, akalia kwa sauti.

Bashige ni mtu asiyeweza kuona kitu kimevunjika akatulia. “Niletee nyundo,” alisema. “Chuma kikipinda, kinanyooshwa.”

“Usiguse!”

Akaacha mashini, lakini mikono yake ilitaka kazi. Nyumba yao ni ya mbao, kama nyumba nyingi za Goma, na upepo hupita katikati ya mbao. Watu huziba kwa katoni. Basi Bashige alichukua ile katoni ndefu, akaipigilia misumari ukutani, nyuma ya kitanda cha watoto. Hata katika hasara, alisema, lazima kitu kimoja kifae.

“Hodi!” Mama Sahani alikuwa mlangoni. Alisikia kilio akaja mbio. Aliinama juu ya mashini, akatikisa kichwa.

“Pole sana, Mama Chance. Na katoni iko wapi?”

“Katoni? Mimi ninalilia mashini, wewe unaniuliza katoni?”

“Katoni ndiyo shahidi yako. Iko wapi?”

Bashige akaonyesha ukutani. Mama Sahani akashika kichwa kwa mikono miwili.

“Wee, Papa Chance! Umepigilia shahidi misumari!”

Nabintu alicheka huku machozi yanamtoka. Bashige, kwa aibu, akaanza kung'oa misumari mmoja mmoja. Walipoilaza katoni chini, wote wakaona. Akonkwa alikuwa ameandika kwa herufi kubwa: USIWEKE KITU JUU. Na juu ya maneno yale palikuwa na alama ya duara, nyekundu, yenye mafuta.

Mama Sahani akanusa. “Mawese. Hii ni pipa. Balisimamisha pipa la mawese juu ya mashini yako.”

“Sasa nitafanya je? Nilishasaini.”

“Ulisaini vibaya, ni kweli. Mimi ninauza vitu vya kuvunjika. Zamani nililia sana. Siku hizi silii, ninadai. Sikiliza. Kwanza, usitengeneze kitu. Ukinyoosha hiki chuma, batasema hakikupinda. Piga picha za mashini, za sindano, za katoni na alama yake. Halafu tunarudi kesho asubuhi. Ukikawia, batasema umeivunja wewe nyumbani.”

“Nitawaambia nini?”

“Usiseme tu, andika. Barua fupi. Mzigo ulitoka wapi, ulifika siku gani, nini kimevunjika, unataka bakufanyie nini. Andika mbili. Moja babaki nayo. Ingine bakupigie muhuri, urudi nayo. Maneno ya mdomo yanaenda na upepo, mama.”

“Na bakikataa?” aliuliza Bashige.

“Tunapanda kwa wakubwa wao. Bakikataa tena, iko shefu wa quartier, mkubwa wa mtaa, na iko tribinali, kwa hakimu. Lakini usianze na makelele. Na muombe Akonkwa risiti, na picha ya mashini ikiwa nzima.”

Nabintu akampigia Akonkwa, naye akavituma kwa simu mara moja. Alikuwa na video: mashini inafuma vizuri, kra-kra, kra-kra, asubuhi ile aliyoifunga. Nabintu akamshukuru Mungu. Halafu akaisoma risiti, na moyo ukamwanguka. Mahali pa kuandika aina ya mzigo, paliandikwa “nguo”.

“Kaka, kwa nini bameandika nguo?”

“Mimi mwenyewe nilisema nguo,” alijibu Akonkwa. “Nguo wanasafirisha kwa bei ndogo. Na ukisema mashini, batu wa port macho yanabatoka kwa tamaa. Si kila mutu anafanya vile?”

Usiku ule Nabintu aligeuka huku, akageuka kule. Aliona barua, aliona pipa, aliona watoto wake wamekaa mlangoni wenzao wakienda shule.

Asubuhi walikuwa watatu kwenye depo: Nabintu, Mama Sahani na katoni. Aubin alisoma barua, akatazama picha, akachukua karatasi yake ya mzigo. Kisha akacheka.

“Mama, hapa imeandikwa nguo. Sisi tulibeba nguo. Tangu lini nguo inavunjika?”

Watu wa foleni wakacheka pia.  Nabintu alitamani kugeuka arudi zake Mugunga. Mama Sahani alimshika kiwiko tu. Hapo alitakiwa kusema mwenye mashini.

“Papa Aubin, tulidanganya,” alisema Nabintu. “Kaka yangu alisema nguo ili tulipe kidogo. Ni kosa letu. Piga hesabu ya mashini, nitaongeza kile tulichopunguza. Lakini ikuwe nguo ao mashini, katoni ilisema musiweke kitu juu. Na ninyi muliweka pipa.”

Aubin akaweka barua mezani.

“Pipa gani? Si ulisaini bien reçu? Labda ni chukudu ilivunja huko njiani.”

“Chukudu ilibeba katoni yangu peke yake. Na kusaini, nilisaini katoni. Ya ndani sikuiona. Ulinikimbiza.” Akaiweka katoni mezani. “Nusa.”

Aubin akanusa. Hakucheka tena. Akapitisha kidole kwenye ile alama, kisha akaona kitu kingine.

“Na haya matundu?”

“Hayo ni ya bwana yangu. Hayo simudai mutu.”

Hata Aubin alishindwa kujizuia. Lakini alipomaliza kucheka, akarudisha barua. “Nimesikia, mama. Urudi wiki kesho, tutaona.”

“Nitarudi. Lakini kwanza unipigie muhuri hapa, kwamba umepokea barua yangu.”

“Muhuri wa nini? Si nimekuambia tutaona?”

Nabintu hakusogea. Nyuma yake muzee mmoja aliinama juu ya gunia lake. “Nani iko na kisu?” aliuliza. “Mimi pia nitafungua hapa hapa. Sitaki kwenda kulilia nyumbani.” Mama mwingine akakata kamba ya katoni yake. Mwingine akaanza kutoa viatu. Baada ya muda kidogo depo ilijaa magunia wazi, na hapakuwa na mahali pa kuweka mguu.

“Yesu wangu!” alisema Aubin. “Leta hiyo karatasi!” Akapiga muhuri kwa nguvu, meza ikatikisika.

Kupata muhuri si kupata mashini. Zile siku zilizofuata zilikuwa ndefu. Kila asubuhi Nabintu alipita depo. Aubin alisema wakubwa wake hawajajibu. Nabintu hakutukana, lakini hakuacha kuja. Jioni alishika sindano mbili za mkono akafuma triko ya Sista Ange, vidole vikimuuma, maana kukaa bure kungemtia wazimu.

Ijumaa aliipeleka Himbi. Sista Ange aliigeuza nje ndani, akavuta mikono, akatazama shingo.

“Kazi nzuri. Lakini mkono hautavalisha shule nzima. Mashini iko wapi?”

Nabintu akamweleza yote, hata uongo wa nguo. Sista aliikunja ile triko, akamrudishia.

“Madarasa makubwa nitawapa wengine, siwezi kungoja,” alisema. “Madarasa ya chini nakuwekea. Masomo ya mwaka mpya yakianza mashini haijatembea, hata hayo yanaondoka.”

Nabintu alitoka pale ana furaha nusu na hofu nusu, na hofu ndiyo ilikuwa nzito. Alikwenda moja kwa moja depo.

“Papa Aubin, waambie wakubwa wako nimepoteza nusu ya kazi. Nusu iliyobaki sitaiacha. Bakikaa kimya, mimi na barua yangu yenye muhuri tunapanda juu.”

Aubin alimtazama. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa amezoea watu wanaolia mara moja kisha wakaenda zao. Alichukua simu, akaongea kwa kirefu, mgongo akiwa amempa.

Jibu lilikuja. Ajansi, yaani kampuni ya mizigo ya akina Aubin, italipa fundi na ubao mpya wa chuma. Sindano haitalipa. “Mungesema ni mashini, tungeiweka pahali pake,” Aubin alieleza. “Na ile bei mulipunguza, mutaiongeza.”

Nabintu alikasirika. Alifika kwa Mama Sahani anapumua kwa nguvu.

“Sindano nilipe mimi? Pipa lilikuwa langu?”

“Uongo nao uko na bei yake, mama. Kubali. Wengi wanarudi na mikono mitupu.”

Akakubali. Fundi alikuja Mugunga na vyuma vyake, na Bashige akakaa karibu naye siku nzima, akimpa kila kitu hata asichoomba. Jioni fundi alimwachia Nabintu kiti. Nabintu akashika kile kichwa cha mashini, akafumba macho, akasukuma. Kikaenda mpaka mwisho. Kikarudi. Chance na wadogo zake wakapiga makofi, na mama yao akawafukuza nje ili wasione anavyolia.

Masomo yalipoanza, watoto wa madarasa ya chini walivaa triko zake. Chance, ambaye ni wa darasa kubwa, alivaa ile ya mkono, na aliwaambia wenzake kwamba yake haina mwenzake.

Wiki hiyo nyuzi zikaanza kupungua, Nabintu akaagiza nyingine Bukavu. Akonkwa akapiga simu kutoka port.

“Dada, mzigo wako nimeshauweka kwenye boti. Usihofu bei. Nimesema ni nguo za zamani.”

Nabintu aliacha mashini. “Boti imeondoka?”

“Bado.”

“Rudi. Sema ni nyuzi.”

“Batatulipisha zaidi!”

“Batulipishe. Na ukifika huku nitaufungua mbele ya Aubin na mbele ya Goma yote. Kaka, kitu ukikificha jina, siku kikiharibika utakililia peke yako. Rudi.”

Akonkwa alinung'unika. Alisema dada yake siku hizi anaongea kama tribinali. Lakini hakukata simu. Nabintu alisikia miguu yake ikienda mbio, watu wakipiga kelele, mtu akisema nyuma, nyuma. Halafu akasikia sauti ya kaka yake mbele ya mwandishi wa mizigo, ndogo, kama ya mtoto:

“Samahani, papa. Ule mzigo wangu. Nilibadanganya.”