Zamu ya Maji ya Asteria

Asteria alikuwa akichambua maharage ya makande aliposikia pembe. Katika kijiji chao, milimani juu ya Same, pembe huwaita watu kwenye msaragambo, kazi ya pamoja. Siku hiyo walikwenda kuzoa matope kwenye ndiva, bwawa linalotunza maji ya mashamba. Kaya isiyopeleka mtu hupoteza zamu ya maji.

Mumewe, Loth, hufanya kazi kwenye shamba la mkonge huko tambarare. Hurudi Jumamosi tu. Kwa hiyo Asteria alichukua jembe.

Mwaka uliopita aliugua homa kali. Homa iliisha, lakini nguvu hazikurudi. Hata hivyo alizoa matope na wenzake, akacheka nao. Kesho yake hakuweza kuinuka. Hata mwanga wa dirishani ulimuumiza. Alilala hivyo hadi Loth aliporudi.

"Watu wananisimamisha njiani," alisema Loth. "Eti mkeo anachagua siku ya kuumwa."

"Na wewe unasemaje?"

Loth alivua viatu polepole. "Nasema labda umezoea kulala. Ukijikaza, mwili utazoea kazi. Kesho tutembee wote hadi kanisani."

Asteria alijikaza. Alipanda kilima, akaimba, akasalimia watu. Jumatatu hakuweza kushika kikombe cha uji. Loth hakwenda kazini. Alimnywesha uji kwa kijiko, kidogokidogo, kisha akampigia simu Doris, muuguzi wa zahanati.

Doris alifika na majibu ya vipimo alivyofanyiwa Asteria hospitalini wiki chache nyuma.

"Hana malaria, wala kifua kikuu, wala kisukari. Damu yake inatosha," alisema.

"Kwa hiyo si mgonjwa," alisema Loth.

"Ni mgonjwa, Baba Agape. Uchovu una sababu nyingi, ndiyo maana daktari alizichunguza hizo kwanza. Huu ni ugonjwa wa uchovu sugu. Mgonjwa akizidisha kazi, huanguka kesho yake, au hata siku ya pili. Watu wanamwona akicheka. Hawamwoni akilala."

"Na mazoezi?"

"Kumlazimisha kunamzidishia. Sitakudanganya, dawa ya kuuponya haijapatikana. Lakini apumzike kabla ya kuchoka. Akimenya ndizi, amenye amekaa. Na wewe ukifua nguo, mkono hautakatika."

Asteria alicheka chini ya blanketi.

"Kuna jambo jingine, Mama Agape," alisema Doris. "Watafiti wa chuo wanataka kusikia wagonjwa wenyewe, kabla mpango wa matibabu haujaandikwa."

"Mimi niwaambie nini wasomi?"

"Waambie usiku na mchana wako. Hayo hawayajui."

Jumamosi moja alipopata nafuu, Asteria aliongea nao kwa simu akiwa amelala. Mtafiti aliitwa Sabrina.

"Mama, ungependa tuchunguze nini?"

Asteria alifikiri. "Msitupime siku moja tu. Siku ya kuja kwenu, mtu amekusanya nguvu zake zote. Mtupime na kesho yake. Na msipange kliniki ya kukalia benchi kutwa. Wengine tutaumwa zaidi kwa kuja kutibiwa."

Sabrina alichukua kalamu. "Naomba urudie, mama. Niandike kama ulivyosema."

Loth alikuwa amesimama mlangoni na beseni la nguo. Macho yake yalilowa. "Kumbe mimi nakuona siku zako za kujikusanya tu," alisema. "Maneno hayo kamati ya maji nayo iyasikie."

Jioni alimleta Mzee Elibariki, mwenyekiti wa kamati.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Usiinuke." Mzee alikaa. "Pole sana. Lakini tukimwachia mmoja, msaragambo ujao kijiji kizima kitaumwa!"

"Siombi kuachiwa, baba. Naomba kazi ninayoiweza. Watu wanagombania maji kwa sababu hawajui nani anafuata. Nina simu. Nitawapigia, kila mtu kwa zamu yake."

"Yaani wewe ulale, maji yatembee?"

"Ndiyo, baba. Na nikizidiwa, mwanangu Agape atapiga."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Lakini alikwenda kuwaeleza wenzake, na Doris akaitwa kuthibitisha. Kamati ikakubali. Tangu hapo, mtu anayethibitishwa na zahanati kuwa mgonjwa hupewa kazi nyepesi, na kaya yake haipotezi maji.

Maharage ya Asteria yalipata maji, yakatoa maua. Ugomvi kwenye mfereji ulipungua. Asteria hajapona. Lakini siku za kuanguka zimekuwa chache, maana hupumzika mapema, na hakuna anayemwita mvivu.

Zamani Loth akipiga simu kutoka kwenye mkonge alikuwa akiuliza, "Leo umefanya kazi gani?" Sasa huuliza, "Jana ulipika. Leo umeamkaje?"

Kisha husubiri jibu.