Spana Iliyofutwa Jina

Jumamosi ile Verlin Stauffer aliamka na furaha ya mtoto wa sikukuu. Hatimaye alikuwa ameipata spana ya magurudumu aliyoisaka minadani Ohio nzima, ile pekee iliyokosekana kwenye vifaa vya gari lake la zamani. Mpe Verlin spana iliyoliwa na kutu, ataupapasa mpini, ataukagua mdomo, kisha akwambie ilitoka na gari gani. Kwa hilo hana mpinzani, na majigambo anayo.

"Ilikuwa ya Harlan Pruett," alinong'ona Idella, jirani aliyeiokota, siku alipomuuzia. "Herufi za jina lake alizipiga mwenyewe. Usiziguse."

Habari za marehemu Harlan, nani asiyezijua? Mtu aliichukua spana yake bila kuuliza, nati zikabaki zimelegea, gurudumu likachomoka njiani, mkewe akafa. Mpaka anaingia kaburini Harlan alikuwa akigonga milango ya watu: spana yangu anayo nani?

Lakini majaji wa maonyesho ya magari ya zamani hukata alama kwa herufi ambazo kiwanda hakikuzipiga. Verlin akailoweka spana kwenye siki, kutu ikaachia, akashika tupa. H ikafutika. P nayo ikafutika. Roho ilimsuta, akaanza kupiga mluzi ili asiisikie.

Baada ya chakula cha mchana mkewe, Lorene, alipanda gari mle ghalani akakaa mbele, kajivalia kofia ya maonyesho.

"Twende basi, bwana fundi. Au hili gari ni pambo?"

Verlin alicheka, akainama kukagua nati za gurudumu la upande wa mkewe. Asubuhi alizikaza mwenyewe.

Nati moja ilikuwa inazunguka. Taratibu. Hakuna mkono. Aliishika airudishe, ikamshinda nguvu.

"Verlin." Lorene alikuwa ananong'ona. "Huyu mzee aliyekaa nyuma ni nani? Anauliza, anayo nani?"

Verlin hakuthubutu kutazama.

"Shuka, mke wangu. Shuka sasa hivi."

"Amenishika bega."

Nati ikaanguka sakafuni. Ya pili ikaanza kuzunguka.

"Ninayo mimi, mzee," Verlin alisema, machozi yakimtoka. "Mkosaji ni mimi. Muachie mke wangu."

Akaiweka spana kwenye ubao wa kukanyagia, akarudi nyuma. Lorene akaruka. Gurudumu likachomoka, gari likalala ubavu palepale alipotua, naye akiwa ameshavutwa kando na mumewe. Spana waliitafuta, hawakuiona tena.

Gari walilisimamisha, lakini halijatoka ghalani tangu siku hiyo. Vumbi limelifunika lote isipokuwa kiti cha nyuma. Upande mmoja ngozi imebonyea, pamekaliwa na mtu mzito. Upande wa pili bado haujabonyea, ila kila asubuhi Verlin hukuta umepanguswa vumbi, upana wa kumtosha mwanamke.