Mashine ya Taka Jikoni kwa Wepukhulu

Maximilla Wepukhulu alirudi kutoka kanisani Jumapili moja ya Julai 1985, mwendo wa saa saba, akamkuta msichana wake wa kazi amekufa jikoni. Selpha alikuwa amepiga magoti mbele ya mashine ya taka, mkono wa kulia umebanwa ndani ya droo hadi juu ya kiwiko, shavu limelalia kabati. Damu ilikuwa imetambaa mpaka mlango wa stoo na kuanza kukauka.

Inspekta Ephantus Mburu alipofika nyumba hiyo ya mtaa wa Elgon View, maiti ilikuwa sakafuni, imefunikwa leso. Mashine ya namna hiyo hakuwahi kuiona. Ilikuwa sanduku jeupe la chuma lenye kimo cha kiuno, na droo kubwa chini. Ukibonyeza kitufe, bamba la chuma linashuka na kushindilia taka za wiki nzima mpaka zinakuwa kama tofali. Johnstone Wepukhulu, mwenye nyumba, alikuwa ameitoa Marekani alikosomea. Dukani alichagua ile yenye nguvu kuliko zote, na sasa alitaka kuwa wakala wa kuziuza Eldoret.

"Ni uzembe," Johnstone alisema. "Nilimkataza huyu msichana kuingiza mkono mara ngapi?"

"Wewe ulikuwa wapi, Bwana Wepukhulu?"

"Mama Junior alitangulia na watoto. Mimi nikatoka nyuma yake, saa mbili hivi, nikapitia mjini, halafu kanisani. Sikunywa hata chai. Jikoni sikukanyaga."

Mburu aliomba kijitabu cha mashine, akakisoma akiwa amesimama. Mashine haiendi mpaka droo ifungwe kabisa. Ikishaanza, haizimwi katikati ila kwa kuzungusha ufunguo, na bamba litabaki pale pale lilipofika mpaka ufunguo urudishwe na kitufe kibonyezwe tena. Baada ya kazi, ufunguo utolewe, uwekwe mbali na watoto.

Akachuchumaa na tochi. Swichi ndogo inayozuia mashine isiende droo ikiwa wazi ilikuwa imekandamizwa na kufungwa kwa plasta nyeupe ya kidonda.

"Mama Junior," alimwita Maximilla. "Ulimtoaje?"

"Bamba lilikuwa limemshikilia. Nilitia ufunguo wangu, nikabonyeza, likapanda."

"Ufunguo wako? Haukuwa kwenye mashine?"

"Pale palikuwa wazi tu. Wangu huwa natembea nao tangu Junior aingize kiatu humo."

Mburu alimulika tundu la ufunguo. Kama ufunguo haukuwepo, basi kuna mtu aliyeizima mashine Selpha akiwa amebanwa, akautoa na kwenda zake. Na mwenye ufunguo alikuwa huyu mama mbele yake. Jioni hiyo alikwenda kanisani kuuliza. Maximilla alikuwa amefundisha watoto tangu asubuhi, na hakutoka hata kidogo. Mumewe alionekana akiingia saa nne, akakaa nyuma.

Siku ya pili askari walimleta kituoni Okello, fundi wa stima kutoka mtaa wa Pioneer, aliyeiunganisha mashine hiyo. Alikuwa ameshapigwa kabla Mburu hajaingia chumbani.

"Ni wewe ulifunga ile swichi?"

"Hapana, afande. Mdosi, huyo Wepukhulu, aliniambia niifunge, eti wageni wake wataona aje chuma kikishuka kama droo imefungwa? Nikamwambia hiyo itakata mtu. Nikakataa."

"Ungeifunga, ungetumia nini?"

"Tepu. Ile nyeusi ya waya." Okello alipangusa mdomo. "Plasta si kitu ya fundi."

"Na ufunguo? Uliona mmoja?"

"Mbili. Zilikuja zimefungwa pamoja na kawaya."

Mburu alirudi Elgon View, akaivuta droo na kuchambua taka juu ya gunia. Chini kulikuwa na maganda ya viazi na makopo ya siku zilizopita. Juu kabisa, mahali mkono wa Selpha ulipokuwa, palikuwa na gazeti lililolowa chai, limefungia maganda ya mayai mawili. Lilikuwa la Jumapili ile ile. Magazeti hutoka Nairobi na gari, na Eldoret hayafiki kabla ya saa tatu.

Jambo la mwisho alilipata kwa daktari wa mochari. Kwenye ngumi ya Selpha palikuwa na kijiko cha chai. Tena, alisema daktari, hakufa mara moja. Alivuja damu polepole, labda saa nzima.

Mburu aliwakalisha mume na mke sebuleni, akaweka kijiko mezani.

"Hiki ni chako, Mama Junior?"

"Ni changu. Kikipotea huwa namuuliza yeye."

"Gazeti la Jumapili hapa kwako hufunguliwa na nani kwanza?"

"Baba Junior. Hakuna mwingine analigusa kabla yake."

Johnstone alikunja miguu. "Afande, unanihoji kwa sababu ya gazeti?"

"Nakuhoji kwa sababu hukutoka saa mbili. Ulikunywa chai ukisoma. Chai ikamwagika, ukafunga kila kitu ndani ya gazeti, ukatupa, kijiko kikaenda pamoja. Selpha alikifuata. Wewe ukabonyeza bila kutazama, na swichi ulishaifunga mwenyewe. Naomba ufunguo wa pili."

"Ulikuja mmoja."

Maximilla hakumgeukia mumewe. Alisema taratibu, "Baba Junior, toa."

Kisha Johnstone akatoa funguo za gari mfukoni. Katikati yake palikuwa na kaufunguo kafupi, ndugu ya ule wa mkewe.

"Ilikuwa ajali," alisema.

"Mpaka hapo, ndiyo. Kwa nini uliutoa?"

"Nilizima kwa sababu alipiga kelele. Nikajua nikiinua bamba atakimbia mpaka barabarani na ule mkono. Jumatano nilikuwa na wageni kutoka kwa mkuu wa wilaya na chamani, waje waione ikifanya kazi. Nani atanunua mashine iliyokata mtu?" Alisukuma funguo mezani. "Nilimwambia anyamaze, nakuja na daktari. Nikaongeza sauti ya redio, nikatoka. Yule daktari ninayemjua hakuwa nyumbani. Nikaenda kanisani nifikirie."

"Ukafikiria mpaka saa saba."

Maximilla aliinuka akaenda kusimama uani.

Mburu alimfunga pingu. Kabla ya usiku kuingia Johnstone alikuwa ameachiliwa. Mkubwa wa Mburu alimwita ofisini na kufunga mlango.

"Huyo ni mtu wa chama, Mburu. Fundi ndiye aligusa waya. Ameshaandikisha maelezo kwamba swichi aliifunga yeye."

"Baada ya kupigwa, sir. Na mama mwenye nyumba aliuona ufunguo."

"Mama amekuja hapa saa kumi. Anasema hakuona ufunguo wowote." Akanyoosha mkono. "Nipe huo ulio nao. Na uanze kufunga mizigo, unahitajika Lodwar kule jangwani."

Mburu aliuweka mezani. Baadaye hakuweza kujieleza ni kwa nini aliuweka bila neno. Okello alikuja kuhukumiwa miaka mitatu, na wageni wa Johnstone walikuja wiki iliyofuata badala ya Jumatano ile.

Kabla Mburu hajaondoka Eldoret, Nanzala, mama yake Selpha, alifika mochari na pickup ya kukodi kutoka Webuye. Mburu alimvuta kando, akamweleza yote: swichi, ufunguo, redio, jina la mtu. Aliona kwamba angalau hilo anadaiwa na huyu mama.

Nanzala alisikiliza mpaka mwisho, mikono imeshika ncha za leso.

"Na huyo mtu atashikwa?"

"Hapana, Mama."

"Nawe unaniambia ili nifanye nini?"

Mburu alivua kofia yake.

"Mimi nilikuwa nimeambiwa alikufa mara moja," alisema Nanzala. "Nilikuwa naweza kulala na hiyo." Akamwonyesha upande wa miguu wa jeneza. "Shika hapo, baba. Tumpandishe, mvua inakuja."