Gumba Kwenye Nta

Sogeeni wajukuu zangu, sogeeni mpaka magoti yagusane. Mwenye kikohozi akikohoe sasa, maana jambo hili halipendi kelele.

Jirani yangu aliolewa na mwindaji aliyefiwa na mke. Mume mwema, ila ulimi! Kila akirudi na kanga wa porini begani: "Ah, marehemu alijua kujaza risasi. Hazikukosa hata siku moja."

Maganda ya risasi hayakutupwa pale nyumbani. Marehemu aliyajaza upya kwa mkono wake: baruti, kizibo, marisawa zile goroli ndogo, kisha akaziba mdomo kwa nta na kuikandamiza kwa gumba. Gumba lenyewe lilikuwa na kovu la mshazari. Risasi zake zilibaki chache, na mume alizitunza kama mboni ya jicho.

Mke mpya naye alijifunza kujaza, akajaza vizuri, asisifiwe. Wivu ukamla. Mke mwenza aliye hai utagombana naye. Aliye kaburini utamshindia wapi? Asubuhi moja, mume akiwa anaoga, akafungua risasi moja ya marehemu, akamwaga baruti jivuni, akaiziba tena.

"Ikohoe tu porini," akajiambia. "Tuone kama atamsifu."

Porini ikakohoa kweli. Mume akacheka, akatia nyingine, hii ya mke mpya, akafyatua. Mtutu ukapasuka. Kipande cha chuma kikamkata shingo.

Machozi hayajakauka, wifi mtu akaja juu. "Muuaji! Nani mwingine alishika risasi humu ndani? Utatoka na nguo ulizovaa!"

Akaitwa fundi bunduki. Akaupapasa mtutu.

"Baruti ikizidi, hupasukia nyuma, risasi inapokaa. Huu umevimba katikati kama pete. Risasi ya kwanza haikuwa na baruti, kizibo kikakwama njiani. Ya pili ikakikuta. Leteni za marehemu zilizobaki."

Mke akazileta, akiwaza. Hizo zikikutwa zimejaa, itajulikana kuwa ile moja ilichezewa.

Fundi akafungua. Tupu.

Nyingine. Tupu.

Zote.

Moja tu, mke akawaza. Niligusa moja tu.

Fundi akabonyeza nta. "Bado laini," akanong'ona. "Zimezibwa leo."

Wifi akamkamata mke mkono, akalipachika gumba lake kwenye alama ya gumba iliyo kwenye nta. Halikuingia. Katikati ya alama ulipita mstari, wa mshazari.

Wifi akauachia ule mkono.

"Wifi yangu," akasema kwa sauti ndogo, "mimi ndiye niliyemwosha mke wa kwanza alipokufa. Gumba hili nalijua."

Hakuna aliyemfukuza tena.

Mirathi ikagawiwa kimyakimya. Mdogo wa mume alichukua mbwa. Wifi alichukua cherehani. Fundi aliachiwa mtutu, akaenda kuufukia. Mke akapata chumba na kitanda cha mumewe.

Hakilalii. Hulala chini, mkekani, mlango kaufunga kwa komeo mwenyewe. Lakini kila kukicha godoro lina mabonde mawili, yamesogeleana. Akipitisha mkono, yote mawili yana joto.