Shikamoo ya Chumba cha Ndani

Evance, rafiki yangu wa Tangini pale Kibaha, si mtu wa kuzua maneno. Ndiyo maana jambo hili lililompata linaninyima usingizi.

Kazi yake ni ya maabara. Alitumwa Masaki, Kisarawe, akachukue mate ya Bi Hajra, ambaye bintiye Kidawa alipotea zaidi ya miaka thelathini iliyopita. Polisi walitaka kujua kama mifupa ya mtoto iliyookotwa zamani kwenye tanuri la mkaa, ikazikwa bila jina, ilikuwa ya Kidawa.

Mchana ule wingu la mvua lilitanda, na nyumba ya udongo ikawa giza totoro. Evance alikuwa anafunga kichupa aliposikia kandambili ndogo zikiburuzwa chumba cha ndani. Zikasimama nyuma ya pazia.

"Shikamoo."

"Marahaba," akaitikia, kama ambavyo yeyote angeitikia. "Ni mjukuu wako, bibi?"

Bi Hajra akamng'ang'ania mkono. "Naishi peke yangu, baba. Sauti ya mtu usiyemwona haiitikiwi. Miaka yote hii mimi sijaiitikia!"

Evance akafunua pazia. Hapakuwa na mtu.

Majibu yalipotoka, Evance alimpigia Bi Hajra simu jioni akiwa nyumbani kwake Tangini. "Pole sana, bibi. Ni Kidawa."

"Najua," bibi akasema huku akilia taratibu. "Tangu uondoke, hapa kimya."

Evance akashusha simu. Kule jikoni, ambako hakuwa amewasha taa, kandambili ziliburuzwa, kisha zikasimama.

"Shikamoo."